Andika Kama Ulivyoona

  

Shule zinapofungwa, vijana wengi hutafuta vibarua vya likizo. Wengine husaidia dukani, wengine huchuma kahawa, wengine huingia ofisini kwa majuma machache ili wapate nauli na sehemu ya karo. Kijana akirudi nyumbani jioni, mzazi humwuliza, "Watalipa ngapi?" Swali hilo ni la haki, kwa maana mfanya kazi astahili ujira wake. Lakini leo twapenda kuuliza swali jingine: huko aliko, kijana huyu anafundishwa nini kwa habari ya neno lake? Kazi nyingi za ofisi ni kazi za kuandika, na mara nyingi katika juma la kwanza tu kijana hujifunza moja kati ya mambo mawili. Hujifunza kuandika yaliyopo, au hujifunza kuandika yanayotakiwa.

Twataka tulitazame jambo hili katika mahali pamoja tunapopajua, ndiyo ofisi ya usafirishaji katika ghala la chai mjini Mombasa.

Huenda wewe mkulima wa Kericho, Nyeri, Meru au Kisii hujawahi kuliona ghala hilo, ingawa jasho lako limelala humo. Waanza asubuhi na kikapu mgongoni, wachuma majani mawili na chipukizi, wapeleka kituoni yakapimwe. Kiwandani yanyaushwa, yasagwa, yaachwa yageuke rangi, kisha yakaushwa hata maji yaliyobaki ndani yake ni kama sehemu tatu tu katika mia. Yahitajika zaidi ya kilo nne za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Chai hiyo hutiwa katika magunia ya karatasi ngumu, na juu ya kila gunia huandikwa jina la kiwanda, aina ya chai, nambari ya fungu na uzito wake. Ndipo lori huteremka pwani.

Mnada wa chai uko Mombasa tangu mwaka 1969. Zamani ulikuwa Nairobi. Huko huuzwa chai ya Kenya, na pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine jirani. Wanunuzi huipeleka Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Lakini kabla chai haijauzwa, na baada ya kuuzwa kabla haijaingia melini, hukaa ghalani, katika maghala ya Shimanzi, Changamwe na pande hizo. Na katika kila ghala mna chumba kimoja kidogo, chenye meza, makabati ya karatasi na mihuri. Hicho ndicho ofisi ya usafirishaji.

Kazi yake ni nini? Lori likifika, karani hupokea hati ya kiwanda, huailinganisha na hesabu ya wale walioyahesabu magunia yakishuka, kisha huandika daftarini: yamefika mangapi, siku gani, katika hali gani. Dalali hupata habari kwa karani huyo kwamba chai imefika, naye hutuma watu wachukue sampuli za kuonjwa. Chai ikiisha kununuliwa na kulipiwa, huja hati ya ruhusa ya kuitoa. Karani huangalia tena nambari moja moja, huwaita mahamali wapakie kontena, husimamia kufungwa kwake, na karatasi hupelekwa kwa wakala wa meli.

Angalia basi, msikilizaji. Aliyeichuma chai haoni ghala. Aliyeinunua hajaliona lori. Atakayeinywa huko Karachi au Cairo hajui hata kama Shimanzi ipo duniani. Watu hawa wote wamefungamanishwa na maandishi ya mtu mmoja mwenye kalamu. Yeye akiandika "magunia 40, hali njema", wote husadiki, kwa kuwa hapana mwingine aliyekuwapo.

Sisi tuliwahi kufanya kazi katika ofisi ya namna hiyo tukiwa vijana, tukingojea matokeo ya kidato cha nne. Tulikuwa wawili, tukiketi kwenye benchi moja kandokando ya meza ya karani mkuu, mzee mmoja wa pwani aliyekuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Tulinakili nambari, tulipanga karatasi kwa tarehe, tulitumwa chai ya saa nne. Ukisikia ni kazi nyepesi, lakini mzee yule hakutuacha tunakili nambari hata moja kutoka katika hati ya kiwanda bila kutoka nje kuitazama juu ya gunia lenyewe. "Karatasi haina macho," ndivyo alivyozoea kutuambia.

Ijumaa moja alasiri lilifika lori kutoka bara. Mvua ilikuwa imenyesha njia nzima. Turubai lilipofunuliwa, katika fungu moja la magunia 40 yalionekana matatu yamelowa ubavuni, karatasi imelegea na kubadilika rangi. Dereva alimfuata mzee ofisini akamsihi.

"Mzee wangu, matatu tu. Yakikaa hapa hadi Jumatatu yatakuwa yamekauka. Ukiandika yamelowa, wenye gari watanikata mimi."

Msimamizi wa zamu naye alikuwa amechoka, tena malori mengine mawili yalikuwa yakingoja langoni. Alimwambia mzee aandike hali njema ili gari lipakuliwe liondoke.

Sasa, ni vema ujue chai ilivyo. Chai kavu huvuta unyevu na harufu upesi sana. Gunia lililolowa halikauki likarudi kuwa kama lilivyokuwa. Ndani yake chai huanza kuota kuvu, na uvundo wake waweza kuyafikia magunia ya jirani. Sampuli zikichukuliwa katika magunia mazuri, mnunuzi hununua akidhani yote ni mazuri. Akifungua kwao akakuta uvundo, halaumu lori wala mvua, maana hakuviona. Hulisoma jina la kiwanda kwenye gunia, na mnada ujao hulitilia shaka jina lile. Bei ikishuka, bonasi ya mkulima hupungua, naye hataambiwa kamwe kwamba lilianzia katika neno moja lililoandikwa Ijumaa alasiri ili watu wawahi kwenda nyumbani.

Mzee hakumjibu msimamizi. Alichukua daftari lake akatoka nje, nasi tukamfuata. Aliyagusa magunia yale matatu, akayaandika nambari zake. Tulidhani amemaliza. Kumbe, aliwaambia mahamali walitandaze turubai chini, akalizunguka polepole akiliangalia. Katika pembe moja palikuwa na tundu kubwa la zamani, lililoshonwa kwa kamba ya katani, na kamba yenyewe ilikuwa imeoza. Mzee akaandika na hilo. Kisha akampa dereva kalamu.

"Soma kwanza, mwanangu, ndipo utie sahihi."

Dereva alisoma. Palikuwa na maneno mawili matatu ya kueleza kwamba magunia matatu yamelowa, na chini yake kwamba turubai la gari lina tundu la siku nyingi. Alitia sahihi bila kusema neno. Msimamizi hakufurahi. Tulimsikia akisema kwamba kwa ukali wa namna hiyo wateja watahamia ghala jingine. Mzee alirudi kitini akaendelea kupiga mihuri. Majuma mawili baadaye dereva yule yule alileta mzigo mwingine, na gari lake lilikuwa na turubai jipya.

Twalieleza jambo hili kwa sababu ya ile safari ya pili ya mzee, ya kwenda kulikagua turubai. Kuna watu wenye kusema kweli nusu yake. Wangeandika "magunia matatu yamelowa", wakafunga daftari, na mshahara wa dereva ungekatwa kwa kosa la mwenye gari. Wangejisifu kuwa ni waaminifu, na maandishi yao yangemwonea mtu mnyonge. Mzee aliona kwamba dereva alikuwa akiomba uongo umwokoe. Hakumpa uongo. Alimtafutia kweli iliyobaki, na hiyo ndiyo iliyomfaa.

Labda utasema, "Mchungaji, hayo ni mambo madogo ya ghalani." Ngoja basi tukuonyeshe jinsi jambo hilo hilo lilivyofika hata mbele ya majaji wakubwa.

Meli ikipokea mzigo hutoa hati ya shehena. Hati hiyo ni stakabadhi ya kwamba mzigo umepokewa, tena ni kama ufunguo wake, maana aliye nayo ndiye awezaye kuudai mzigo bandarini. Mzigo ukiwa na kasoro inayoonekana kwa nje, kasoro huandikwa humo. Isipokuwa na neno la kasoro, wafanya biashara huiita hati safi. Mnunuzi aliye ng'ambo mara nyingi huiagiza benki yake ilipe hati zitakapofika, na benki hukagua karatasi, haiendi kupapasa mapipa wala magunia. Hati ikiwa safi, benki hulipa. Hati ikitaja kasoro, kwa kawaida benki hukataa. Unaona jaribu lilipo.

Mwaka 1957 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua shauri moja la namna hiyo. Mapipa 100 ya maji ya machungwa yalikuwa yakipelekwa kutoka London hadi Hamburg, Ujerumani. Karani aliyeyahesabu yakipakiwa alitoa habari kwamba mapipa ni makuukuu, si imara, na mengine yanavuja. Wakala wa meli aliwaeleza wenye mzigo kwamba ingefaa kasoro iandikwe. Wenye mzigo walitaka hati safi. Basi wakaandika barua ya kuahidi kwamba ikitokea hasara, wao wataifidia meli, na kwa nguvu ya barua hiyo hati safi ikatolewa. Mapipa yalifika yakivuja, meli ikalipa hasara. Fidia ilipodaiwa, walioahidi walikataa kulipa.

Mahakama ya kwanza ilisema walipe. Lakini katika rufani majaji wawili kati ya watatu walisema hapana: ahadi iliyotolewa ili kumdanganya mtu wa tatu asiyekuwapo haiwezi kusimama mbele ya sheria. Na wakati ule desturi hiyo ya barua ilikuwa imeenea katika biashara. Hata hivyo majaji wale wawili hawakukubali kwamba desturi yaweza kuugeuza uongo kuwa jambo lingine.

Katika shauri hilo lote, twamfikiri sana karani yule. Alikuwa hana mamlaka ya kuzuia hati isitolewe. Alichoweza kufanya ni kusema aliyoyaona, naye aliyasema. Wakubwa waliotia sahihi hawakuweza kusema kwamba hawakujua, kwa sababu mtu mmoja mdogo aliwaambia mapema.

Wewe usomaye Biblia utakumbuka kwamba hata Bwana Yesu alihubiri habari ya karatasi za mazao. Fungua Injili ya Luka, sura ya 16. Yupo wakili aliyeitwa atoe hesabu ya kazi yake. Naye aliwaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja. Aliyekuwa na deni la mafuta vipimo mia alimwagiza aandike hamsini. Aliyedaiwa ngano vipimo mia aandike themanini. Wafafanuzi wamebishana sana juu ya mfano huo, kwa kuwa bwana alimsifu wakili yule kwa werevu wake. Lakini maneno yanayofuata mfano hayana utata. Bwana aligeukia jambo la uaminifu, akafundisha kwamba tulivyo katika lililo dogo ndivyo tulivyo katika lililo kubwa, na aliuliza ni nani atakayetupa lililo letu kama hatukuwa waaminifu katika lililo la mwingine.

Lililo la mwingine! Hiyo ndiyo kazi yote ya ghalani. Karani hana hata gunia moja lililo lake. Hana chai, hana meli, hana pesa za benki. Alicho nacho ni neno lake juu ya vitu vya watu wasiokuwapo.

Siku hizi mambo mengi yamebadilika. Mnada wa Mombasa hufanywa kwa kompyuta, kontena nyingi husafiri kwa reli, na mwaka 2023 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzitambua hati za biashara zilizo ndani ya kompyuta sawasawa na zile za karatasi. Twashukuru, maana karatasi huchelewa na hupotea. Lakini kompyuta hupeleka lile iliyoandikiwa. Ikiandikiwa "hali njema", italifikisha neno hilo Karachi kwa dakika moja, na gunia lililolowa litafika baada ya majuma. Bado anahitajika mtu wa kutoka nje kwenye jua akaligusa gunia kwa mkono.

Basi, kijana uliyepata kibarua cha likizo, sikia. Huenda umepewa kazi ya kuandika mahudhurio ya vibarua, au kupima makopo ya maziwa, au kuhesabu magunia. Utaambiwa, "Wewe jaza tu, kila mtu hufanya hivyo." Wewe ni mgeni, na mshahara wako ni mdogo. Fanya kama karani wa mapipa: sema uliyoyaona, kwa upole, kwa heshima, kwa mkubwa wako aliye karibu. Usitangaze sokoni. Usimwaibishe mtu. Lakini usitie sahihi yako juu ya usiyoyaona, wala juu ya yaliyo kinyume cha uliyoyaona. Na kabla hujaandika la kumlemea mtu, nenda ukalikague turubai lake kwanza.

Je, hutapoteza kazi? Hatuwezi kukuahidi kwamba hutapoteza. Wako waliofukuzwa kwa sababu hiyo, na watoto wao walilala njaa. Kanisa likikuambia useme kweli, halafu likakuacha peke yako ukifukuzwa, kanisa hilo nalo limetia sahihi kwenye hati isiyo kweli. Kwa hiyo twasema nawe uliye mzee wa kanisa, nawe mama wa ushirika: mkisikia kijana amefukuzwa kwa kuwa hakukubali kuandika uongo, mfikieni nyumbani upesi, na msiende mikono mitupu.

Nawe mkubwa wa kazi, uliyepewa vijana hawa kwa majuma machache, usidhani wamekuja kupanga karatasi tu. Wanakutazama wakati lori limechelewa na watu wamechoka. Utakalowaambia saa hiyo watakwenda nalo benki, hospitali, shule na serikali watakakoajiriwa kesho. Sisi tuliotumwa chai ya saa nne tumesahau nambari zote tulizonakili, lakini turubai lile lililotandazwa chini bado twaliona.

Nawe mzazi, jioni ya leo mtoto wako akirudi, mwulize watalipa ngapi, kisha mwulize na hili: "Leo umeandika nini?"

Na tuombe. Ee Mungu, unayewaona wote tusiowaona, twawakumbuka mbele zako makarani, mahamali, madereva na wakulima ambao leo watashika mali ya wengine. Uwape macho ya kuangalia vema na mkono usiotetemeka katika kuandika. Uwalinde wale watakaoonewa kwa ajili ya kweli, utufanye sisi kuwa jirani zao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaheri, mpenzi msikilizaji, na Mungu akubariki.